Mnara wa orofa 44 unatuhusu nini sisi wa Kapsoit?

Uzi mwingine wa zile hoja zinazorudi kila msimu kwenye mijadala ya siasa. Leo ni maneno niliyoongea na wakazi wa Kapsoit kuhusu majumba marefu ya fleti. Nimeyaandika jinsi nilivyoyasema, nikapunguza marudio tu. Kanuni yetu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunapima hoja.

1.
Chamgei wazee, akina mama na vijana. Asanteni kwa kuacha kazi za shamba mapema mkaja. Najua kuna mtu hapa anajiuliza: sisi ukisimama pale njia panda unaona Kapsoit yote bila kuinua kichwa. Minara ya Nairobi inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa mambo matatu. Kwanza ni pesa. Bonasi ya chai na mikopo ya sacco inanunua fleti Nairobi, na nyingi hununuliwa zikiwa bado mchoro kwenye karatasi. Pili, watoto wetu wakienda mjini ndio wapangaji wa hizo nyumba. Tatu, sheria inayoruhusu au kukataza mnara Nairobi ndiyo hiyo hiyo itakayotumika Kericho mjini, na siku moja hapa kando ya barabara ya Kisumu. Ukingoja jengo lifike ndipo uanze kuuliza, utauliza ukiwa kivulini mwake.

2.
Pale Upper Hill, Nairobi, kulitangazwa jumba la makazi liitwalo 88 Nairobi, orofa 44, fleti za kununua. Kilimani, Kileleshwa na Westlands nako, mahali palipokuwa na nyumba moja na bustani pamesimama majumba marefu. Kila mchoro wa namna hiyo ukitoka, utasikia sauti tatu. Kuna anayesema, "Ardhi imeisha, twende juu." Kuna anayesema, "Hilo dude linachukiza, sanduku la vioo tu." Na kuna anayesema, "Hayo ni ya matajiri."

Kwenye jukwaa wagombea huchagua sauti moja na kuipigia kelele. Sisi tuzisikize zote, maana kila moja ina ukweli fulani na kila moja inaficha kitu.

3.
Tuanze na "twende juu".

Hii hoja mtu wa hapa anaielewa haraka. Babu alikuwa na ekari tano, akapata wana sita, na kila mwana anataka boma lake. Tukiendelea kujenga hivyo, majani ya chai yataisha tubaki na mabati. Kwa hivyo ni kweli, mji unaotambaa chini unakula mashamba.

Lakini kwenda juu sana si lazima ndiyo kuweka watu wengi. Paris kule Ufaransa ina karibu watu 20,000 kwa kila kilomita moja ya mraba, na sehemu kubwa ya mji huo ni nyumba za orofa sita au saba. Na hapa kwetu, aliyewahi kuishi Pipeline pale Embakasi anajua kwamba watu wanaweza kusongamana hadi jirani akikohoa wewe ndiye unasema pole, na hakuna mnara wa orofa 44 pale.

Kwa hivyo mtu akikuambia chaguo ni mawili, shamba lote liishe au tujenge mnara, mwambie kati ya orofa moja na orofa 44 kuna namba nyingi sana.

4.
Sauti ya pili ni ya sura. Watu wengine huidharau, wanasema urembo ni mambo ya waliokwisha kushiba. Mimi siidharau. Jengo baya huwezi kulizima kama redio. Utaliona miaka 60.

Hebu tuangalie majengo mawili ya mwaka mmoja. Mwaka 1973 Nairobi ilifungua KICC, orofa 28, kazi ya msanifu Mnorwe Karl Henrik Nøstvik pamoja na Mkenya David Mutiso. Mwaka huo huo Paris ilifungua mnara wa Montparnasse, mita 210. KICC tumeipenda hadi ikawekwa kwenye noti zetu zote za mwaka 2019. Montparnasse iliwaudhi watu wa Paris hivi kwamba mwaka 1977 mji ukaweka kikomo cha mita 37 kwa majengo mapya.

Yote mawili yalikuwa marefu kuliko majirani, basi urefu peke yake si jibu. Mimi naona tofauti iko chini. KICC ina uwanja wa wazi mbele yake. Mtu asiye na shughuli yoyote ndani anaweza kusimama pale, akapiga picha, akaenda zake. Ule mnara wa Paris ulisimama peke yake katikati ya nyumba fupi kama mtu aliyeingia matangani na suti ya harusi.

Mfano wa karibu zaidi mnao. Kanisa kuu la Sacred Heart pale Kericho lilitabarukiwa 2015. Wasanifu wake, John McAslan + Partners, walitoka London. Lakini lina paa moja kubwa la vigae lenye mteremko mkali, na ndani kuna mawe na mbao za hapa Kenya. Linakalisha watu 1,500. Mvua yetu ikishuka, hilo paa linajua la kufanya. Mgeni anaweza kubuni kitu kikafaa mahali, mradi aulize mahali penyewe pakoje.

Sasa fikiria mtu alete Kericho mnara wa vioo alioukopi Dubai. Eneo hili la Kericho na Nandi linajulikana kwa mvua ya mawe. Tena tuko karibu kabisa na ikweta. Ukuta wa vioo ulioelekea magharibi utapika chumba kuanzia saa nane mchana. Msanifu anayejua kazi huelekeza upande mrefu wa jengo kaskazini na kusini, anaweka vivuli juu ya madirisha, na hewa inapita bila mashine. Kwa hivyo ukisikia "sura", usidhani ni rangi tu. Sura mbaya inaweza kuwa bili ya stima kila mwezi.

5.
Sauti ya tatu: "ni ya matajiri". Mara nyingi ni kweli. Anayenunua orofa ya 40 si mchuna majani.

Lakini gharama haibaki kwa tajiri. Mtaa uliolazwa mabomba ya maji taka ya nyumba za familia moja ukiwekewa mamia ya fleti, mabomba ni yale yale. Yakifurika, yanafurikia kwa mama mboga aliye kona. Kivuli nacho kina mwenyewe: hapa ikweta, mnara asubuhi huwafunika walio magharibi yake na jioni walio mashariki. Aliyekuwa anaanika nguo au mahindi atajua.

Wakazi wa Rhapta Road, Westlands, walipeleka mzozo wa majumba marefu hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hapo tuwe wakweli pande zote. Mkazi ana haki ya kuuliza juu ya maji na maji taka. Lakini pia kuna mkazi ambaye shida yake hasa ni kwamba hataki watu wengine waishi karibu na bustani yake. Mnaposikia neno "wakazi wamekataa", ulizeni wamekataa nini hasa.

6.
Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mchoro wa kuuzia fleti ni mlango. Unaonyesha mnara jioni, taa zimewaka, anga ni ya zambarau, na mtoto mmoja anaendesha baiskeli. Hauonyeshi lori la taka linaingilia wapi.

Binamu yangu ni mwalimu. Alichukua mkopo wa sacco akanunua fleti Nairobi ikiwa bado karatasi, orofa ya tisa. Mchoro ulikuwa na lifti mbili na bustani juu ya paa. Alipokabidhiwa funguo, lifti moja ndiyo ilikuwa inafanya kazi, na mahali pa bustani palikuwa pameongezwa orofa mbili. Shangazi akasafiri kutoka hapa kwenda kuona nyumba ya mtoto wake. Ijumaa lifti ikafa. Magoti ya shangazi hayawezi ngazi za orofa tisa. Alikaa huko juu hadi Jumatatu, anaangalia Nairobi dirishani. Fundi hakuitwa kwa sababu nusu ya wenye fleti hawakuwa wamelipa ada ya huduma.

7.
Hapo ndipo penye hoja ambayo karibu hakuna mgombea huitaja: nani atalitunza hilo jengo mwaka wa ishirini?

Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyofuta ile ya 1987, inakupa hati ya fleti yako pamoja na fungu lako la vitu vya pamoja: ngazi, lifti, paa, uwanja. Wenye fleti wanaunda shirika lao la kusimamia. Ni sheria nzuri. Lakini ina maana pia kwamba lifti ikifa, ni yenu.

Tuseme, kwa mfano tu, ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Mwaka ni 120,000. Miaka 20 ni 2,400,000. Hiyo haikuwa kwenye bei uliyoambiwa. Na kadiri jengo linavyokuwa refu, ndivyo vitu vya pamoja vinavyoongezeka: pampu za kusukuma maji juu, jenereta, lifti zaidi, vifaa vya moto. Nyumba ya orofa nne inaweza kuvumilia wamiliki wabishi. Ya orofa 40 haiwezi.

8.
Halafu kuna uhai. Tarehe 29 Aprili 2016 jumba la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa. Watu takriban 50 walikufa. Halikuwa mnara, lilikuwa jumba la kupangisha kando ya mto. London nako, tarehe 14 Juni 2017, moto ulipanda Grenfell Tower, jumba la makazi la orofa 24, na watu 72 wakafa. Moto ulienea kwa nje, kwenye paneli zilizokuwa zimebandikwa ukutani wakati wa ukarabati uliomalizika mwaka mmoja kabla.

Nayataja haya mawili pamoja makusudi. Jumba fupi si salama kwa sababu ni fupi, na jumba la nchi tajiri si salama kwa sababu ni la nchi tajiri. Salama ni lile lililokaguliwa na mtu ambaye hakuogopa kusema hapana. Kwa hivyo mgombea akisema "tutaleta majengo ya kisasa", muulize kaunti ina wakaguzi wangapi, na ngazi ya gari la zimamoto inafika orofa ya ngapi.

9.
Na tusisahau yale yasiyojengwa. Mwaka 2017 Upper Hill kulizinduliwa mradi wa The Pinnacle, uliosemwa ungekuwa kati ya majengo marefu kabisa Afrika. Ukakwama kwenye mzozo wa ardhi. Watu walibishana juu ya urefu na umbo la kitu ambacho msingi wake wa kwanza, yaani umiliki wa udongo, ulikuwa na kesi. Kabla ya kusifu au kutukana mchoro, uliza hati.

10.
Sasa mwananchi anaongea wapi? Si kwa kelele barabarani jengo likiwa limefika orofa ya kumi.

Kwanza ni kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti na wa mji. Hapo ndipo panapoandikwa mtaa fulani mwisho ni orofa ngapi. Hivyo vikao huwa havina watu, kwa sababu havina muziki wala fulana. Nendeni.

Pili ni kwenye tathmini ya athari kwa mazingira inayopitia NEMA. Una haki ya kutoa maoni, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali.

Tatu, kaunti ikishatoa kibali na wewe unaathirika, sheria ya mipango ya mwaka 2019 inakupa siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mambo hayo. Siku 14 ni chache. Ndiyo maana nasema mujue mapema.

11.
Mtaniuliza, wewe uko upande gani? Mimi sipingi majumba marefu. Nairobi yanahitajika, na Kericho mjini orofa tano au sita kando ya barabara kuu zingeokoa mashamba mengi. Ninachokataa ni kuulizwa maoni kuhusu picha peke yake.

Kwa hivyo mtu akija hapa kuomba kura na mchoro wa mnara mkononi, msibishane naye kama ni mzuri au mbaya. Muulizeni haya matano. Maji yatatoka wapi na maji taka yataenda wapi? Mtu asiye na fleti humo atapata nini pale chini, njia, uwanja, soko, au ukuta tu? Kivuli kitamwangukia nani? Nani alikagua, na jina lake liko kwenye karatasi gani? Na lifti ikifa mwaka wa ishirini, nani analipa?

Akijibu yote matano, basi tukae tuzungumze juu ya rangi.