Aliyeibiwa Hupata Nini?



Mtu akiiba tangawizi shambani Mamba Miamba akafungwa miaka 3, mwenye shamba hupata nini? Hapati kitu. Watoto wa mfungwa hulala njaa, nasi twamlisha baba yao kwa kodi yetu.

Mwaka 1963 nchi yetu changa ilijaribu ukali. Kwa makosa kadhaa ya wizi na rushwa, sheria iliweka kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani, 12 siku ya kutoka. Wizi haukwisha.

Kabla ya Wajerumani kutuletea jela, wazee wa Upare walikaa, wakasikiliza, na mkosaji akalipa mifugo. Ukoo uliochangia malipo ndio uliomchunga asirudie. Lakini tusiwapambe wazee mno. Karne ya 19 wako watu waliouzwa kwa misafara ya watumwa bonde la Pangani. Hayo hatuyataki, wala hatusemi muuaji aachwe atembee.

Sheria ya Huduma za Jamii ya mwaka 2002 yamruhusu hakimu, kifungo kisipozidi miaka 3, kumpa mkosaji kazi ya umma bila malipo. Kazi tunazo! Ndiva zimejaa tope na mifereji imebomoka. Aje msaragambo pamoja nasi, jioni alale kwake, na amlipe aliyemwibia. Viongozi wetu wakaulize mahakamani Same adhabu hiyo hutolewa mara ngapi, kisha waje watuambie hapahapa.