Swali la Asubuhi, Jibu la Usiku: Siku ya Habari na Mazungumzo katika Redio ya Umma



Ratiba ya redio ya umma katika nchi zetu inajulikana. Alfajiri huja muhtasari, kisha mapitio ya magazeti, halafu taarifa kamili. Msikilizaji wa Radio Taifa ya KBC nchini Kenya amezoea taarifa za saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 jioni. Wa Tanzania huisubiri taarifa ya saa 2 usiku. Katikati ya nguzo hizo ndipo vinapokaa vipindi vya mazungumzo: afya, kilimo, sheria, Bunge, kero za huduma. Mada yangu inahusu nafasi hiyo ya katikati, kwa sababu naamini hapo ndipo redio ya umma inapopimwa. Taarifa za habari za vituo vyetu hazitofautiani sana: waziri ni yuleyule na mafuriko ni yaleyale. Kinachotutofautisha ni tunachofanya na habari ile baada ya msomaji kuaga.

Wazee wetu wa utangazaji walilijua hilo. Serikali ya Tanzania ilipoanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, kituo hicho kilibaki sauti pekee ya Tanzania Bara kwa karibu miaka 30, hadi sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua milango kwa vituo binafsi. Miongoni mwa vipindi vyake vinavyokumbukwa ni Mazungumzo Baada ya Habari. Mpangilio wake ulikuwa sahihi: habari haikuachwa peke yake, ilifuatiwa na ufafanuzi. Upungufu wake ni kwamba redio ilisema na msikilizaji akapokea. Hapakuwa na mlango wa yeye kurudisha neno.

Mlango huo ulifunguliwa kwa njia nyingine, na hapa naomba tusimame kidogo. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ikiratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwa wiki 12 wanavijiji walikutana katika vikundi kuzunguka redio moja. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kabla, na washiriki walikadiriwa kufikia milioni 2, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 14 hivi. Kipindi kilipokwisha, kijitabu cha kampeni kilifunguliwa, maelezo kuhusu malaria au kichocho yakasomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma naye asikie, kisha watu wakajadiliana. Mjadala haukuishia kwenye maoni. Kikundi kiliamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani kuzunguka nyumba. Miaka miwili baadaye njia hiyohiyo ilitumika katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Hakukuwa na simu ya mkononi wala intaneti, lakini mazungumzo yalikuwa na matayarisho, yalikuwa na wakati wa kutosha, na yalikuwa na tokeo linaloonekana. Vipindi vyetu vingi vya leo vina simu studio na havina hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu.

Kenya inatupa funzo la aina yake. Kuanzia 1966 Leonard Mambo Mbotela aliendesha Je, Huu ni Ungwana?, kipindi kifupi cha mwenendo wa kila siku kilichodumu zaidi ya nusu karne. Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walipojaribu kuipindua serikali, walimfuata yeye ili atangaze kupitia redio ya taifa, Sauti ya Kenya. Walikuwa na silaha na walikuwa na kituo, lakini walijua kwamba wananchi wangeiamini sauti waliyoizoea. Imani ile haikujengwa na taarifa za habari peke yake. Ilijengwa na mtu aliyezungumza na watu juma baada ya juma kuhusu mambo yao wenyewe. Mbotela alifariki Februari 2025, na sioni kwamba tumeandaa warithi wa kutosha wa kazi ya namna hiyo.

Sasa tuitazame siku yenyewe ya habari na mazungumzo. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani ya Tanzania, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari. Taarifa ya asubuhi ya siku kama hiyo hutaja kasi ya upepo kwa kilomita na urefu wa mawimbi kwa mita. Ni sawa. Lakini mvuvi wa Kilwa anataka kujua kama ashushe chombo au la, na mwenye mgonjwa Mafia anauliza boti itarudi lini. Maswali hayo ndiyo malighafi ya kipindi cha saa 4 asubuhi. Kwa kawaida hayafiki, kwa kuwa idara ya habari na idara ya vipindi hufanya kazi kama nyumba mbili zisizosalimiana, na mgeni studio ameshaalikwa tangu wiki iliyopita kuzungumzia jambo jingine.

Napendekeza mhariri wa zamu ya asubuhi aandike maswali mawili au matatu ambayo taarifa yake haikuyajibu, na ayakabidhi kwa mwandaaji wa kipindi cha mazungumzo. Kipindi kianze na msikilizaji, mgeni afuate. Siyo ofisa azungumze dakika 40 kisha wapigaji simu waharakishwe mmojammoja. Tena redio ndiyo impigie msikilizaji, maana mwenye shida kubwa mara nyingi hana salio. Mwandishi alichukue swali lililobaki, aende nalo kwenye ofisi husika mchana, na jibu lisomwe katika taarifa ya usiku, kwa Kiswahili kinachomwambia mtu afanye nini. Ofisi isipojibu, taarifa iseme hivyo na kuitaja kwa jina, na swali lirudi hewani kesho asubuhi.