KUCHAGUA SAMAKI WA TANGI DOGO LA MAJI YA CHUMVI

(Maelezo ya mazungumzo ya elimu kwa watumishi wa Serikali na wananchi)

Siku hizi si jambo la ajabu kuingia katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli, katika ofisi au katika nyumba ya mtu na kulikuta tangi la kioo lililotiwa maji ya bahari na samaki wa rangi mbali mbali. Ni pambo lenye kupendeza macho, na kwa watoto wa skuli ni somo lililo hai. Lakini pambo hili si sawa na saa ya ukutani. Samaki aliye baharini akiona maji yamechafuka huhama, ilhali aliye ndani ya tangi hana pa kwenda. Maisha yake yote ni amana mikononi mwa aliyemtia humo.

Amana hiyo huanza siku ya kuchagua. Samaki wengi hufa matangini baada ya wiki chache, si kwa sababu mwenyewe hakuwapenda, bali kwa sababu aliwachagua kwa rangi. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza mambo yanayostahiki kutazamwa kabla ya rangi.

Kwanza ieleweke maana ya tangi dogo. Linalokusudiwa hapa ni lile la lita 100 hivi, yaani lenye urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kina cha sentimita 40, likishatiwa mchanga na mawe. Bahari ni kubwa na hubadilika polepole. Lita 100 huweza kubadilika kwa saa chache. Kila samaki hutoa uchafu wenye amonia, nayo ni sumu kwake mwenyewe. Kinachomwokoa ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria, vinavyoishi juu ya mawe na mchanga. Vijidudu hivyo huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kisha naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kundi la vijidudu hivyo huchukua baina ya wiki nne na sita kukamilika. Kwa hiyo tangi jipya hukaa bila ya samaki muda wote huo, na hutiwa chembe kidogo za chakula tu ili vijidudu vipate riziki yao. Kumtia samaki wa bei rahisi ili kuyajaribu maji ni kumtesa kiumbe bila ya faida.

Baada ya tangi kuwa tayari, samaki apimwe kwa mambo manne: kimo chake cha utu uzima, tabia yake, chakula chake na asili yake.

Ama kuhusu kimo, muuzaji humwonesha mteja samaki mchanga wa sentimita tano, naye mteja husahau kwamba mtoto hukua. Mfano ulio wazi ni kangaja wa buluu mwenye mkia wa manjano, ambaye alipata umaarufu duniani kutokana na filamu ya Marekani ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Akiwa mchanga hutosha katika kiganja. Akikua hufika sentimita 30, na umbile lake ni la kuogelea masafa marefu. Kumweka katika tangi la sentimita 80 ni sawa na kumfunga farasi ndani ya chumba cha kulala. Hali kadhalika chewa, ambaye licha ya kukua sana huwameza wenziwe wote wanaoenea kinywani mwake. Kwa tangi la kiasi hiki yafaa samaki ambaye utu uzima wake hauzidi sentimita kumi hivi, na idadi yao isizidi wanne au watano.

Ama kuhusu tabia, wako samaki wadogo wa mwambani wenye choyo ya makaazi. Kila mmoja hujitengea jiwe lake na kulilinda kwa meno. Baharini anayefukuzwa hukimbia. Tangini hupigwa mpaka akafa. Bunju naye, mbali ya sumu iliyomo mwilini mwake, huwauma wenziwe mapezi na huwatafuna konokono na kamba waliotiwa kusafisha tangi. Hawa wote wasiingizwe katika tangi dogo la pamoja.

Ama kuhusu chakula, uzuri wa kitatange umewaponza wengi. Baadhi ya jamii za kitatange hula nyama laini ya matumbawe yaliyo hai na si kitu kingine. Akiwekwa mahali pasipo na matumbawe hayo huzunguka mbele ya chakula kizuri huku akikonda mpaka anakufa. Farasi wa bahari naye huogelea polepole na hula kidogo kidogo mchana kutwa, hivyo akiwekwa na samaki wepesi hunyang'anywa riziki yake yote. Njia ya kupima ni rahisi. Mnunuzi amwombe muuzaji amlishe samaki mbele yake. Asiyekula dukani hatazamiwi kula nyumbani. Atazame pia iwapo samaki anahema kwa haraka, ana tumbo lililobonyea, mapezi yaliyochanika au madoa meupe mfano wa chembe za chumvi. Madoa hayo ni dalili ya vimelea vinavyoweza kuangamiza tangi zima, na ndiyo maana kila samaki mgeni hutengwa peke yake kwa wiki nne kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Ama kuhusu asili, hapa ndipo penye uzito zaidi, khasa kwa watu wa visiwani. Samaki anayeuzwa huwa ama amezaliwa matangini ama amevuliwa mwambani. Tangu miaka ya 1960, kuanzia Ufilipino, baadhi ya wavuvi wamekuwa wakiwapulizia samaki wa mapambo sumu ya sayanidi ili walegee na kukamatwa kwa urahisi. Sumu hiyo huua matumbawe, na samaki mwenyewe huweza kufa baadaye ijapokuwa alionekana mzima siku ya kuuzwa. Mwamba uliokufa hauleti tasi wala changu kwa mvuvi anayetegemea dema yake. Anayenunua bila ya kuuliza asili hushiriki katika hasara hiyo bila ya kujua.

Baada ya kutajwa wasiofaa, inapasa watajwe wanaofaa. Wa kwanza ni samaki wa anemoni mwenye rangi ya machungwa na mistari mitatu myeupe, ambaye wataalamu humwita Amphiprion ocellaris. Amezoea kuzalishwa matangini, hula chakula cha kawaida, na haimlazimu kuwa na anemoni ili aishi. Maumbile yake ni ya ajabu: wote huanza wakiwa madume. Wakiwekwa wawili wachanga, aliye mkubwa hugeuka jike na mdogo hubaki dume, wakawa mke na mume bila ya mwenyewe kujishughulisha na kuchagua.

Wa pili ni samaki wa Banggai, Pterapogon kauderni, mwenye rangi ya fedha na mistari myeusi, asiyezidi sentimita nane. Dume lake huyabeba mayai na watoto kinywani kwa karibu mwezi mzima bila ya kula. Kwa asili huishi katika eneo dogo la visiwa vya Banggai, Indonesia, na watoto wake hawachukuliwi na mikondo ya bahari kwenda mbali. Kwa hivyo akimalizwa mahali pamoja, harudi kwa urahisi. Mwaka 2007 aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Anunuliwe yule tu aliyezaliwa matangini, na wawekwe wawili waliokwisha kupatana, kwani madume mawili hupigana.

Wa tatu ni wale samaki wadogo wa mashimoni wanaoishi kwa ushirika na kamba. Kamba, ambaye macho yake ni dhaifu, huchimba shimo na kulisafisha. Samaki husimama mlangoni kulinda. Kamba huuweka upembe wake juu ya mwili wa samaki, na samaki akitikisa mkia wote wawili hukimbilia ndani. Kwa mtoto wa skuli, somo la ushirikiano halina mfano ulio bora kuliko huo.

Samaki hawa waingizwe mmoja mmoja au wawili wawili, kwa nafasi ya wiki kadhaa. Mpole hutangulia, na samaki wa anemoni, ambaye hujitwalia makaazi, huja mwisho. Tangi liwe na kifuniko chenye kupitisha hewa, kwani wa mashimoni huruka wanaposhituka.

Ndugu wananchi, yako mambo ya mazingira yetu ambayo vitabu vya nchi za baridi haviyataji. Maji ya bahari tunayo bure, lakini yasitekwe karibu na bandari, mitaro au mara baada ya mvua kubwa za masika. Maji yanayopungua tangini kwa joto huongezwa kwa maji matamu yasiyo na dawa ya klorini, si kwa maji ya bahari, kwani chumvi haipandi hewani pamoja na mvuke. Siku ya kupuliza dawa ya mbu, tangi lifunikwe na pampu ya hewa izimwe mpaka dawa itulie, maana dawa nyingi za aina hiyo ni sumu kali kwa samaki na kamba. Mwisho wa wiki samaki wazima hustahamili siku mbili bila ya chakula; hatari kubwa zaidi ni mlinzi wa zamu mwenye huruma anayewamwagia kopo zima.

Kuhusu umeme, Unguja ilikaa bila ya umeme kwa wiki kadhaa mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Asiyekuwa na pampu ya hewa ya betri asianzishe tangi.

La mwisho ni kwa yule atakayechoka. Asimwachie samaki wa kigeni baharini akidhani anamfanyia hisani. Mwaka 1985 samaki wa Bahari ya Hindi na Pasifiki mwenye mapezi marefu ya miba yenye sumu alionekana pwani ya Florida, na wataalamu wanaamini asili yake ni matangi ya mapambo. Leo ameenea hadi visiwa vya Karibiani na anakula watoto wa samaki wa miamba ya huko. Anayechoka amkabidhi mfugaji mwingine. Na anayetaka kutoa samaki, mawe au matumbawe katika bahari yetu, amwone kwanza afisa wa uvuvi wa wilaya yake.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulize maswali manne: Atakua kiasi gani? Anaishi vipi na wenziwe? Anakula nini? Amezaliwa wapi? Muuzaji asiyekuwa na majibu hayo, samaki wake waachwe dukani. Na mwananchi ambaye hakuridhika na majibu, au hana nafasi ya kuitunza amana hii, hakunyimwa kitu. Miwani ya kuzamia na maji yaliyopwa kiasi vitamwonesha mwambani samaki wengi kuliko watakaoenea katika tangi lolote, nao watabaki kwao.