RUZUKU HAIOMBWI KWA MWANDIKO WA MTU MMOJA
(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanaushirika, Nkoma. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wasiofika.)



Habari ya ruzuku nitaieleza bila kificho, maana kosa ni langu.

Mnakijua kile kikundi cha akina mama wanaotaka banda la kulelea watoto wakati wa palizi ya pamba. Leo watoto wanalazwa chini ya mti, nyoka wapo, na lambo liko jirani. Tuliomba ruzuku kwa shirika moja, maombi yakarudi. Orodha ilikuwa na sahihi 22, zote mwandiko mmoja. Mwandiko wangu! Nilitaka kuokoa muda. Wenzetu wale hawaijui Nkoma, wanaijua karatasi tu, na karatasi iliwaambia kikundi ni mtu mmoja.

Ndugu zangu, mimi nimejifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni. Siku nilipoandika jina langu sikulala kwa furaha. Halafu nikawanyima wenzangu haki hiyo hiyo. Naomba radhi.

Sasa tuelewane.

Kwanza, ruzuku si mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Ule lazima urejeshwe, na banda la watoto halizai pesa. Ruzuku hairejeshwi, lakini kila shilingi inadaiwa risiti. Watoaji wako hata humu nchini, kama Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam. Kila mtoaji ana masharti yake na siku zake za kupokea maombi. Tuyasome kabla ya kushika kalamu.

Pili, tuwe na cheti cha usajili, katiba, daftari la mikutano, daftari la fedha, na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Anayeelekeza usajili ni Afisa Maendeleo ya Jamii. Katika makadirio tusiandike "vifaa" basi. Tuandike bati ngapi, misumari kilo ngapi, bei ya dukani Lagangabilili. Mchanga, mawe na nguvu zetu navyo vihesabiwe, ni mchango wetu.

Tatu, akija mtu kudai "pesa ya fomu" pembeni, msimpe. Mleteni ofisini mbele ya watu.

Nne, mimi ni katibu wa Chama, lakini kikundi hiki si cha Chama. Mama wa chama kingine, au asiye na chama, mtoto wake naye analala chini ya mti ule ule. Aandikwe.

Jumamosi saa tisa alasiri tukutane hapa ghalani. Kila mwanachama atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, wala asione haya, kisha jioni aje darasani. Maombi yajayo nataka nione miandiko 22, hata kama imepinda.