MWEMBE WA UANI: UCHUNGUZWE KABLA YA KUKATWA AU KUPIGWA DAWA

Mazungumzo ya leo yanahusu mwembe wa uani, ambao kivulini mwake wazee hupumzika na watoto husoma. Mara nyingi mti huu huhukumiwa kwa haraka. Majani yakionekana meusi kama yaliyopakwa masizi, wengine huita mtu mwenye shoka, na wengine hunyunyiza sumu kali karibu na kisima na jiko. Lililo bora ni kuuchunguza kwanza.

Jani jeusi lisuguliwe kwa kidole kilichotiwa maji. Weusi ukitoka na jani likabaki kijani, huo ni ukungu tu, uotao juu ya majimaji matamu yanayodondoshwa na wadudu wafyonzao utomvu. Ukungu huo huzuia mwanga, lakini adui hasa ni mdudu. Basi jani ligeuzwe. Vijidoa vigumu vilivyogandamana kandokando ya mishipa ni wadudu gamba. Vyenye unga mweupe kama pamba ni vidung'ata.

Hatua za kuchukua ni hizi:

1. Matawi yaliyoshambuliwa zaidi yakatwe na kuchomwa moto. Yanayogusa paa au ukuta yapunguzwe, kwani huwa njia ya sisimizi wanaowalinda wadudu hao kwa ajili ya utamu wao.

2. Matawi yanayofikiwa kwa bomba la mkono yanyunyiziwe jioni, chini ya majani, vijiko 2 vidogo vya sabuni ya maji katika lita 1 ya maji. Yajaribiwe kwanza majani machache, na kazi irudiwe baada ya siku 7.

3. Maembe yaliyooza na kuanguka yakusanywe kila siku na kufukiwa katika kina kisichopungua sentimita 60. Funza wa nzi wa matunda hutoka ndani ya embe na kuingia udongoni, na huko hugeuka kuwa nzi wapya. Nzi mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, ni mharibifu mkubwa.

Maji moto wasiuliwe ovyo. Tangu miaka ya 1950, utafiti uliofanywa hapa Zanzibar na Bwana M. J. Way ulionyesha kuwa chungu hao huukinga mnazi na mdudu anayeangusha nazi changa. Katika mwembe nao huwafukuza nzi wa matunda. Ni kweli kuwa huuma, na nao pia hufuga wadudu gamba. Lakini faida yao ni kubwa zaidi. Viota vilivyo karibu na mlango au mahali pa kuchezea watoto ndivyo viondolewe, vya juu viachwe.

Atakayeshindwa amwone Bwana Shamba au Bibi Shamba kupitia kwa Sheha wake, akiwa na kijitawi chenye majani yaliyoathirika. Mwembe ukishakatwa, nyumba hukaa miaka mingi bila ya kivuli.