Tusome Maji Kabla ya Kufuga Samaki
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Mwaka wa 2009 serikali ilianza kugharamia mabwawa ya samaki, 200 katika kila eneo la bunge kati ya 140. Vikundi vingine vilifuata kwa pesa zao wenyewe. Leo mabwawa mengi yamebaki makao ya vyura. Watu husema, “Samaki wamekataa.” Sisi tunaona kwamba samaki hawakukataa, ila maji hatukuyasoma. Basi tujifunze maneno manne.

La kwanza ni hewa. Samaki hupumua hewa iliyo ndani ya maji, iitwayo oksijeni. Mchana mimea midogo ya majini huitengeneza kwa nguvu ya jua. Usiku mimea hiyo hiyo huitumia pamoja na samaki, kwa hivyo alfajiri hewa huwa kidogo sana. Mkiona samaki wanahema juu ya maji asubuhi, wanalia shida. Ingizeni maji safi mara moja, na siku hiyo msitie chakula wala samadi.

La pili ni maji ya kijani. Hiyo ndiyo mimea midogo yenyewe, na tilapia huila. Samadi huikuza. Kupima ni rahisi: ingiza mkono wima majini ukitazama kiganja. Kikipotea maji yanapokaribia kiwiko, ni sawa. Kikipotea mapema, mbolea imezidi, acheni. Kikionekana hata baada ya kiwiko kuzama, ongezeni kidogo.

La tatu ni amonia. Hii ni sumu itokanayo na uchafu wa samaki na chakula kinachooza. Anayemwaga debe zima la pumba ili samaki wanone upesi anawatilia sumu. Lisheni mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika 15 hivi, basi.

La nne ni msongamano. Bwawa la mita 15 kwa 20 linatosha vifaranga 900, yaani watatu kwa kila mita ya mraba. Tena tilapia huzaa mapema. Majike na madume wakikaa pamoja, bwawa litajaa visamaki vya ukubwa wa kidole, na sokoni nani atanunua? Tafuteni vifaranga vya madume, au baadaye tieni kambare wachache wadogo wale watoto wa tilapia.

Ndugu zetu, pesa zilizo ndani ya bwawa ni za karo na za matibabu. Samaki wa miezi sita wanaweza kufa usiku mmoja. Kwa hivyo kila kikundi kichague watu wawili kwa zamu ya wiki, wafike bwawani alfajiri, wapime maji kwa mkono jua likishatoka, na waandike kwenye daftari. Kikundi kikikutana, daftari hilo lisomwe kabla ya hesabu ya pesa.

Sasa tuulizane maswali.