Sheria ya Bangi ya Tiba Kentucky: Mgonjwa Asiye Raia Anasimama Wapi?

(Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wakalimani wa Kiswahili na wahudumu wa afya ya jamii, Louisville, Kentucky)



Naomba nianzie kwenye chumba kimoja cha kliniki. Kliniki sitaitaja, na mambo ya kumtambulisha mgonjwa nimeyabadilisha, kwa maana kiapo chetu cha siri mnakijua. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Fizi huko Kongo, yuko katikati ya kemotherapi. Mkononi alishika mfuko wa plastiki aliopewa na muuguzi, kwa sababu kutapika kulikuwa hakumpi hata nafasi ya kufika kwenye sinki. Daktari akamweleza kwamba siku hizi Kentucky imeruhusu bangi kwa wagonjwa kama yeye, na kwamba angeweza kumsaidia aipate. Nikatafsiri hivi: "Mama, daktari anasema bangi ya dawa sasa ni halali hapa, anaweza kukuandikia."

Mama hakumtazama daktari, alinitazama mimi. "Bangi? Kwetu Fizi bangi ni ya maaskari." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ni halali kwa serikali?" Nikamjibu papo hapo, "Ndiyo mama, kwa serikali."

Maneno yangu yalikuwa machache, lakini yalimpotosha mara tatu. Neno "halali" lilikuwa nusu ya ukweli. Neno "kukuandikia" halikuwa kweli. Na neno "serikali" nililiacha bila kusema serikali ipi. Juu ya hayo, swali la mama lilikuwa la kujibiwa na daktari, nami nikalijibu mwenyewe. Mada yangu leo inatokana na makosa hayo, kwa sababu mgonjwa mwenye hadhi ya ukimbizi anaweza kuyalipia kwa uraia wake.

Tuitazame kwanza sheria yenyewe. Ni Mswada wa Seneti namba 47. Seneti ya jimbo iliupitisha kwa kura 26 dhidi ya 11, Baraza la Wawakilishi kwa kura 66 dhidi ya 33, na Gavana Andy Beshear akautia sahihi tarehe 31 Machi 2023. Ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Maradhi yanayokubaliwa ni saratani ya aina yoyote, maumivu makali au sugu, kifafa, multiple sclerosis na mkakamao wa misuli, kichefuchefu sugu au kutapika kwa vipindi ambako dawa za kawaida zimeshindwa, na maradhi ya kiwewe ambayo wengi wetu tunayajua kwa herufi zake, PTSD. Kuivuta kwa moto kumekatazwa. Mwenye miaka 21 au zaidi anaweza kununua maua yake na kuyafukiza kwa kifaa, wengine watumie mafuta, vidonge au vya kula. Kuipanda nyumbani hakuruhusiwi. Kadi ni dola 25 na hudumu mwaka mmoja. Nyumbani mgonjwa anaruhusiwa kuweka akiba ya siku 30, na akitoka asibebe zaidi ya akiba ya siku 10.

Kati ya sheria na dawa palikuwa na umbali mkubwa. Leseni za maduka, 48 kwa jimbo zima, zilitolewa kwa bahati nasibu mwishoni mwa 2024. Wakulima nao walihitaji muda wa kupanda na kuvuna, na maabara kupima. Karibu mwaka wote wa 2025 wagonjwa walikuwa na kadi mifukoni na hakuna duka la kuipeleka. Duka la kwanza lilifunguliwa Desemba 2025 katika mji mdogo wa Beaver Dam. Kwa mtu mwenye saratani, mwaka ni muda mrefu mno, na nasikitika kwamba wapo waliofariki wakisubiri.

Hata hivyo sikuja kuibeza sheria hii. Inawasaidia watu wenye haja ya kweli. Mwaka 2017 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti nyingi na kuona ushahidi wa kutosha katika mambo matatu: maumivu sugu kwa watu wazima, kichefuchefu kinachotokana na kemotherapi, na mkakamao wa misuli wanaouhisi wagonjwa wa multiple sclerosis. Kuhusu PTSD ushahidi ulikuwa haba, na hili wahudumu wa afya mlizingatie sana. Jamii yetu imejaa watu waliopitia vita vya Kivu, waliokaa kambi za Nyarugusu au Kakuma miaka kumi, kumi na tano, wasiolala usiku. Wakisikia kwamba kiwewe kimo kwenye orodha watadhani tiba yao imepatikana. Orodha ya sheria huandikwa na wabunge, si na madaktari. Mgonjwa aambiwe hivyo.

Sasa nirudi kwenye makosa yangu, nianze na "kukuandikia". Daktari wa Kentucky haiandiki bangi kama anavyoandika amoksilini. Serikali ya shirikisho inaihesabu bangi miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa tangu sheria ya 1970, na iliiweka daraja la kwanza, daraja la vitu visivyo na matumizi ya tiba yanayokubalika. Ndiyo maana daktari au muuguzi bingwa aliyesajiliwa na jimbo hutoa cheti tu, cha kuthibitisha kwamba fulani ana maradhi fulani. Mgonjwa hukipeleka cheti kwa jimbo, akapewa kadi, akaenda dukani kuchagua. Famasi za kawaida haziiuzi. Bima hailipi, iwe Medicaid, Medicare au ya kazini. Mgonjwa hulipa mfukoni mwake. Ukisema "daktari amekuandikia", mama yule ataelewa kwamba ataipata famasi pamoja na vidonge vya presha, bure. Semeni "daktari atathibitisha maradhi yako". Ni sentensi ndefu kidogo, lakini ni ya kweli.

Halafu "serikali". Waliotoka Tanzania, Burundi au Kongo wanajua serikali moja, ya Dodoma, Gitega au Kinshasa, na mkuu wa mkoa ni mtu wake. Kwamba jimbo linaweza kuruhusu jambo ambalo taifa limelikataza, na sheria zote mbili zikasimama siku hiyohiyo, ni kitu kigeni kabisa kwetu. Si ujinga wa mgonjwa. Ni mfumo wa ajabu, na hata wenyeji unawachanganya. Lakini raia akichanganyikiwa kwa nadra hudhurika sana. Asiye raia hali yake ni tofauti, kwa sababu mambo yake yote ya hadhi yako mikononi mwa shirikisho: ukimbizi, hifadhi, green card, uraia. Kentucky haina sauti yoyote hapo.

Tarehe 19 Aprili 2019, USCIS, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji, ilitoa mwongozo ulio wazi: kumiliki bangi ni kosa la shirikisho hata pale ambapo jimbo limeruhusu, na kosa hilo linaweza kumfanya mwombaji wa uraia aonekane hana mwenendo mwema. Haihitajiki hukumu ya mahakama. Kukiri tu kwa maneno yako mbele ya ofisa, ukieleza ulichofanya, kunaweza kutosha. Fomu N-400 ya kuomba uraia huuliza kama umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwa ajili yake. Mfikirieni mzee wetu mwenye mgongo mbovu, mkweli kama alivyolelewa, ameketi mbele ya ofisa na kadi yake ya jimbo mkononi akidhani ni ushahidi wa utii wake: "Ndiyo, bwana, nanunua kila mwezi, hii hapa ruhusa yangu."

Upo msamaha mdogo katika sheria ya uhamiaji, wa kosa moja tu la kumiliki bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi binafsi. Wengine wamesikia habari zake wakatulia. Mgonjwa mwenye kadi hununua mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo msamaha wa mara moja haumfikii. Kwa mwenye green card hatari nyingine iko uwanja wa ndege, anaporudi kutoka kumzika mzazi Bukavu au Kigoma, kwa sababu akiulizwa na akakiri, anaweza kuzuiwa kuingia.

Nasikia watu wakisema mambo yatabadilika, bangi inashushwa daraja. Hoja ya kuihamishia daraja la tatu iliwekwa mezani Washington mwaka 2024. Msiwape wagonjwa tumaini hilo. Daraja la tatu bado ni dawa zinazodhibitiwa, na mtu huruhusiwa kuzitumia kwa maagizo halisi ya daktari kupitia famasi. Cheti cha Kentucky si maagizo ya namna hiyo.

Kazi na nyumba zina taabu zake. Sheria ya Kentucky haimlazimishi mwajiri kumkubali mfanyakazi anayetumia bangi, hata akiwa na kadi. Vijana wetu wengi wako kwenye maghala ya vifurushi, na wengine wamehangaika miezi hadi kupata leseni ya kuendesha malori makubwa. Madereva hao hupimwa kwa kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya shirikisho, na kadi ya jimbo haikubaliwi kama sababu. Mabaki ya bangi hukaa mwilini kwa mtumiaji wa kila siku hata wiki kadhaa, kwa hiyo kusema "nilitumia Ijumaa, Jumatatu niko sawa" hakumwokoi. Kwa wanaoomba nyumba zinazosaidiwa na shirikisho, pamoja na vocha za Section 8, sheria ya 1998 inawataka wasimamizi wamkatae mwombaji anayetumia bangi. Aliyekwisha kuingia, msimamizi ana hiari ya kumvumilia au kumtoa.

Tena kuna mto. Kutoka hapa tulipo hadi Jeffersonville ni kuvuka daraja la Mto Ohio tu, dakika chache kwa gari, na wengi wenu mnavuka asubuhi kwenda kazini. Ng'ambo ni Indiana, ambako hakuna sheria ya bangi ya tiba. Mgonjwa aliyesahau chupa yake kwenye mkoba amevunja sheria ya Indiana na ya shirikisho kabla hajaegesha gari. Hukumu ya Indiana kwa asiye raia ni jambo zito kuliko faini yake.

Najua mnachojiuliza, kwa sababu nami nilijiuliza: je, tumwambie mama aendelee kutapika? Hapana. Hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko mahali pengine popote katika mada hii. Zipo dawa zenye viambato vya bangi, au vinavyofanana navyo, zilizoidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya shirikisho, zinazoandikwa na daktari na kuuzwa famasi kama dawa nyingine. Dronabinol iliidhinishwa mwaka 1985 kwa ajili ya kichefuchefu cha kemotherapi, na nabilone ni ya kazi hiyohiyo. Kwa watoto wenye aina fulani za kifafa kikali iko Epidiolex, iliyoidhinishwa Juni 2018. Kuzitumia kwa maagizo ya daktari ni halali Kentucky, Indiana na Washington kwa pamoja, na bima inaweza kuzilipia. Hazimfai kila mgonjwa. Kwa maumivu sugu hazikuidhinishwa, na huko mgonjwa bado ana uamuzi mgumu. Ila kwa mgonjwa asiye raia anayetapika kwa kemotherapi, swali la kwanza kwa daktari lingekuwa hilo, na madaktari wengi hawalifikirii kwa sababu wagonjwa wao walio raia hawana haja nalo.

Sisi hatushauri tiba, wala hatutoi ushauri wa sheria. Kwenye hilo sibadiliki. Lakini maadili ya kazi yetu yanamruhusu mkalimani, palipo na hatari ya kutoelewana, kusimama kidogo na kuwaambia wote wawili, kwa lugha zote mbili, kwamba kuna jambo linahitaji kufafanuliwa. Na yanamtaka akigundua kosa lake alirekebishe. Nilifanya hivyo wiki iliyofuata. Nilimwomba daktari ruhusa, nikasema tafsiri yangu ya awali ilikuwa na upungufu, nikamwambia mama: "Mama, jimbo la Kentucky limeruhusu, serikali ya Washington haijaruhusu, na karatasi zako ziko Washington." Akashusha pumzi. "Sasa umesema," akaniambia. Daktari akauliza karatasi gani, mama akamweleza kwamba bado anasubiri green card. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Siku ile aliandikiwa dronabinol, na safari hii neno "kuandikiwa" lilikuwa mahali pake.

Pendekezo langu kwa semina hii ni kwamba tukubaliane juu ya sentensi moja, tuitumie hivyohivyo sote, Louisville, Lexington na Bowling Green: "Jimbo la Kentucky linaruhusu bangi ya tiba kwa mwenye kadi, sheria ya taifa la Marekani bado inaikataza, na kwa mtu ambaye si raia inaweza kuathiri makaratasi yake." Wahudumu wa afya, nawaomba muwe na namba ya mwanasheria wa uhamiaji anayesaidia bila malipo, mumpe mgonjwa kabla hajajaza fomu ya kadi. Aliyekwisha kuipata asiitupe kwa hofu wala asidanganye akiulizwa na ofisa, kwa sababu uongo kwenye fomu ni kosa jingine. Amwone mwanasheria kabla ya kuomba chochote na kabla ya kusafiri.

Jumatatu mnarudi kazini. Akikaa mgonjwa mbele yenu na neno hili likatajwa, tafsirini serikali zote mbili.